Unga ya Usiku Moja

Falone alipita soko ya Mikelenge mbio, viatu mukononi, na mama wenye kuuza samaki wakamuangalia kama muntu ameshinda mutihani ya Leta, ile ya serikali. Na kweli alikuwa ameshinda kitu. Ndani ya mufuko wake mulikuwa vichupa vine vya plastiki, na ndani ya kila kichupa kakaratasi. Tatu zilibaki njano. Ya ine iligeuka kahawia, kahawia kabisa, kama chai yenye kulala.

"Haiko kolera! Haiko sumu ya muntu!" alikuwa anajisemea, pumzi juu juu. "Njo muhogo! Yesu wangu, njo muhogo!"

Siku mbili kabla ya ile, ku matanga ya muzee Bulaimu, watu walikula ugali na samaki saa sita ya muchana. Saa munane wakaanza kuanguka. Kizunguzungu, kichwa, kutapika, miguu kukosa nguvu. Watu makumi mbili na sita walibebwa na baiskeli na piki-piki mupaka ku centre ya afya. Wawili hawakurudi: watoto wa Soudi, wajukuu wa marehemu. Mudogo alikuwa na miaka ine.

Na kwa sababu mwenye kosa lazima apatikane, walimupata Victorine. Mujane, jirani, njo yeye alisonga ile ugali, na yeye peke yake hakuanguka. Mwenye kusonga anakulaka wa mwisho, kila mwanamuke anajua, lakini siku ile nani alitaka kukumbuka? Vijana walikuwa wamekaa ku kiwanja yake tangu asubuhi na pneu mbili za motokari na kidumu ya petroli. Soudi aliwaambia wangoje mupaka saa kumi: aseme alitia nini, ao wamuchome.

Saa tisa ilikuwa imepita.

Falone alikuwa anamaliza masomo ya afya, na stage yake, mazoezi ya kazi, ilikuwa ku ile centre. Muuguzi mukubwa, infirmier Didier, alichota unga ku mabeseni tatu yenye watu walileta ku matanga, na ingine akaichota ku nyumba ya Victorine. Falone akachanganya unga na mayi, akatia karatasi za njano za chuo, zenye kugeuka kahawia sumu ikiwamo, akafunga, wakangoja siku muzima.

"Namba ine ni ya nani?" Falone alimuuliza Didier leo, anarukaruka.

"Majina nimeandika ndani ya kaye yangu, na itabaki humo. Weye na kinywa yako! Ya Victorine ni namba moja, njano. Kimbia uwaambie. Mimi naenda kutafuta polisi, nawafuata nyuma."

Sasa, njia ilipita mbele ya kwao, na Falone hakuweza kupita na habari kama ile bila kuimwanga. Mama yake, Mama Zawadi, alikuwa anatwanga. Gédéon, yaya yake, kaka mukubwa, alikuwa ku mulango anatengeneza telefoni ya muntu, fimbo yake ya kutembelea imelala kando.

"Docta amekuja," Gédéon alisema. "Viatu vimekimbia vyenyewe?"

"Yaya, acha! Mama, tumepata! Muntu alilowesha muhogo muchungu usiku moja tu! Moja! Siku tatu njo inatosha, sumu yake itoke ndani ya mayi. Mupumbavu gani analeta unga kama ile ku matanga? Na ukiikula kila siku, mwezi moja, mbili, bila nyama, bila samaki, ni mubaya zaidi! Walitufundisha: mutoto analala muzima, asubuhi anaamuka, miguu yote mbili imekazana, haiwezi tena..."

 Macho yake ilikuwa imefika ku fimbo.

Muchi ya mama ikasimama.

"Usiku moja," mama alisema. "Muzee Bulaimu alikufa ghafula. Muhogo yangu ilikuwa imeingia ndani ya mayi jana yake tu. Nikasema, wakati wa vita si tulikuwa tunafanyaka vile?"

Mwaka ile ya vita, wapiganaji Wamai-mai walifunga muji pande zote, na Falone alikuwa bado mugongoni. Ukiacha muhogo ku mayi siku tatu, askari ao mwenye njaa anaibeba. Mama aliilowesha ndani ya sufuria, chini ya kitanda, usiku moja, asubuhi inakatwa na kukaushwa. Hakuna mutoto wake alikufa na njaa. Alikuwa anajisifia juu ya ile sufuria mupaka leo. Na siku Gédéon, miaka saba, aliamuka hawezi kusimama, walisema ni jirani amemuloga.

"Njo ile?" Gédéon aliuliza. Hakuinua kichwa.



Mama akafungua kitambaa ya kichwa, akaifunga tena kwa nguvu, akashika njia ya kwa Victorine.

"Mama, watakuchoma weye!" Falone akamukimbilia. "Mimi nitasema muhogo tu, bila jina!"

"Watauliza ya nani," Gédéon alisema nyuma yao. "Hiyo njo watauliza kwanza."

Na njo waliuliza. Falone alisimama katikati ya kiwanja na kichupa juu, akaeleza kila kitu. Victorine alikuwa amekaa chini, nguo imelowana petroli. Soudi akakaribia, macho mekundu.

"Unga ya nani?"

Falone, mwenye tangu kuzaliwa hakuweza kufunga siri hata ya sukari, alifunga kinywa.

"Yangu," mama alisema. "Soudi, baba, ni yangu. Sikujua. Muachilie huyu."

Kijana moja akashika kidumu. Soudi alimuangalia mama wakati murefu, kisha akakaa juu ya pneu, akaanza kulia kama muntu anakohoa. Vile njo Didier na polisi waliwakuta.

Mama alilala siku tisa ku cachot ya polisi. Alipotoka, Didier alimupeleka nyumba kwa nyumba, Mikelenge mupaka Alunguli, aseme na kinywa yake: siku tatu, hata ku matanga. Wengine walimusikiliza. Wengine walifunga mulango. Victorine alimukaribisha, akamupa kiti, hakumupa mukono.

Siku ya kwanza ya kupika tena, mama aliweka sahani mbele ya Gédéon.

"Siku ngapi ndani ya mayi?" Gédéon aliuliza.

"Tatu."

"Falone, leta kakaratasi yako."

Jibu lilikuwa la kesho yake. Gédéon akafunika sahani, akashinda na njaa. Kesho, karatasi ilikuwa njano. Akavuta sahani, akakula ile ugali baridi, na mama akasimama ku mulango kumuangalia mupaka tonge ya mwisho.