Sufuria ya Mzazi

Kupika maharage na ndizi katika sufuria moja si kazi ya kumtisha mtu aliyemaliza sekondari. Niliyasema maneno hayo mwenyewe, Ijumaa jioni, nikiwa nimeegemea mlango wa jikoni ambamo sikuwahi kuingia ila kutafuta mabaki. Nilisema kuna maji, kuna moto, kuna maharage. Hiyo ni fizikia kidogo na kemia kidogo, na mimi Divin katika zote mbili nilipata sabini kwa mia. Kesho saa nane, nikasema, Orlane atakuwa analamba sahani.

Ukweli nilipata hamsini na tatu. Lakini jioni ile hakuna aliyeniomba bulletin ya shule.

Orlane ni dada yangu mkubwa. Alikuwa ametoka maternité Jumatano na mtoto wake wa kwanza, msichana wa kilo tatu kasoro mwenye sauti ya kilo arobaini. Loïc, mume wake, anafanya kazi kwenye depo moja kule Zone Industrielle, anatoka kabla ya jua na kurudi baada yake, kwa hiyo mzazi akaletwa kwetu Musaga, alelewe na mama. Mpango mzuri. Alhamisi asubuhi simu ikalia kutoka Rumonge: bibi ameteleza bafuni, nyonga imevunjika. Mama akafunga kitenge, akaondoka mbio. Nyumba ikabaki mikononi mwa wanaume wawili: baba, Mzee Gélase, ambaye upishi wake unaishia kwenye maji ya kunyolea ndevu, na mimi.

Shida ni kwamba Orlane alikuwa hali. Uji alikunywa vijiko viwili akasukuma kikombe. Loïc alileta supu ya kuku, Orlane akaitazama mpaka ikaganda. Wali alisema unanuka sabuni, na kwa kuwa ni mimi niliyeosha sufuria, sikubisha. Muuguzi alipopita Ijumaa alimpima mtoto, akaona amepungua, akasema polepole: "Mama mutoto, kama hauli, maziwa haiji. Na huyu hawezi kungoja." Mtoto alikuwa akinyonya kidogo, anaachia, analia. Orlane naye anageukia ukutani ili tusione uso wake.

Mimi ni mtu wa mzaha. Nilifanya mzaha hata siku ya mtihani wa taifa. Lakini kwa hilo la mtoto sikuwa na mzaha wowote.

"Unataka nini basi?" nilimuuliza. "Sema tu, hata kama ni sambusa za Dar es Salaam."

"Maharage ya mama," akasema. "Ile ya sufuria moja, na ndizi ndani, na ndagala, na mawese."

Hapo ndipo nilipoegemea mlango wa jikoni na kutoa hotuba yangu.

Mama alipiga simu usiku uleule kunielekeza. "Divin, sikia vizuri. Maharage uyaloweke sasa hivi, yalale kwenye maji..."

"Najua, mama."

"Asubuhi unayaanza peke yake. Ndizi usiitie mpaka..."

"Mama, réseau inakatika."

Réseau haikuwa inakatika. Nilikuwa nimeshaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nikalala usingizi mzuri sana, na maharage yakalala vilevile, makavu, ndani ya mfuko wao.

Jumamosi asubuhi mtaa mzima ulitoka na majembe na mafyekeo kwenda kazi za pamoja, kusafisha mitaro kama kila Jumamosi, na maduka yote yakafungwa. Baba alikwenda. Mimi niliomba ruhusa kwa chef de quartier, mkuu wa mtaa, nikisema nampikia mzazi, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mungu amsaidie." Nilidhani anamwombea Orlane kwa sababu ya uchungu wa kujifungua.

Kumenya ndizi mbichi ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza. Kumbe wenye akili hujipaka mafuta mikononi kwanza. Mimi nilimenya hivihivi, na baada ya ndizi ya nne utomvu ulinishika, kisu kikagoma kutoka mkononi, vidole vikawa vyeusi na vya kunata kama vya fundi wa pikipiki. Nikahamia kwenye mbabura. Mkaa ulikataa kushika. Nikaupuliza, majivu yakaruka, nikala kifungua kinywa cha majivu. Mwishowe nikachoma chini yake mfuko wa plastiki na ndala moja ya zamani, na moto ukawaka, na moshi wake ukawa na rangi ambayo sijaiona tena.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, na nitalisimulia bila kujificha. Nilijiuliza: kwa nini kinaitwa chakula cha sufuria moja? Nikajijibu: kwa sababu kila kitu kinaingia sufuria moja. Kwa hiyo kila kitu kikaingia sufuria moja, saa tatu na robo, kwa mkupuo: maharage makavu, ndizi, kitunguu, nyanya, ndagala na vichwa vyao na mchanga wao wa ziwani, chumvi konzi moja, na mawese mabichi nusu chupa juu yake kama baraka. Nikafunika. Nikakaa kwenye kigoda, nikakunja miguu, nikajiona nimeshakuwa mtu mzima.

Saa nne na nusu ndizi zilikuwa zimeiva. Saa tano zilikuwa uji. Saa sita zilikuwa kitu cha kijivu cha kuzibia bomba linalovuja, na ndani yake maharage yalikuwa bado maharage, kila moja peke yake, gumu, lenye msimamo. Nikikoroga nilisikia kokoto zinasuguana. Nikaonja moja, nikalisikia mpaka kwenye sikio. Nikaongeza maji. Chini kukashika, kukaanza kuungua, nikaongeza maji tena. Nikawa na chakula kilichoungua chini, kibichi katikati na chenye bahari juu.

Na simu ikalia. Mama Prudence, mama mkwe wa Orlane, alikuwa Gasenyi anajitayarisha. Saa nane atafika kumhemba mzazi, yaani kuja kumwona na kumpa mkono yeye na mtoto, na vitu kidogo kwenye kikapu. "Mwambie binti yangu nakuja kumwona anakula," akasema. "Wananiambia hali."

Nilimwambia kwamba Orlane anakula vizuri sana. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

"We Divin!" sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. "Unachoma tairi?"

Ilikuwa Mama Espoir, jirani yetu wa kutoka Uvira, amerudi zamani kutoka mitaroni na jembe lake limeshakauka tope. Kichwa chake kilijitokeza juu ya matofali. Anasimama kwenye ndoo anapotaka habari.

"Ninapika, mama."

"Kupika nini namna hiyo? Leta nione."

Nikainua sufuria. Akatazama ndani. Akanitazama mimi. Akatazama tena ndani.

"Ndizi ulitia saa ngapi?"

"Pamoja na maharage."

"Chumvi?"

"Pamoja."

"Na mawese?"

"Pamoja pia."

"Eh! Hii sufuria iko na umoja kabisa." Kichwa kikatoweka. Nilisikia ndoo imepinduka na yeye anachekea chini huko, anaita jina la mama yake. Aliporudi alikuwa anafuta macho. "Mutoto wa Gélase, chumvi ukiitia mapema maharage inakasirika, haiivi tena. Unapikia nani hayo mawe? Kuna mutu unamuchukia?"

"Orlane. Hajala tangu Jumatano. Alisema anataka hii tu, maziwa hayatoki, na mama mkwe wake yuko njiani."

Mama Espoir akaacha kucheka hapohapo.

"Tangu Jumatano? Na we ulinyamaza? Mi niko hapa, ukuta moja tu, na we unanyamaza?"

"Nilisema nitapika mwenyewe."

"Ulimwambia nani?"

"Watu wote."

Akatikisa kichwa. Kwenye mbabura yake kulikuwa na sufuria imetulia tangu alfajiri, kabla hajaenda mitaroni: maharage ya njano yaliyolala majini usiku kucha, laini, ndizi zimeingia mwisho na bado zina umbo lao, ndagala zimetolewa vichwa na kukaangwa pembeni, mawese yamechemshwa kwanza mpaka harufu ya ubichi imetoka. Ilikuwa chakula cha nyumba yake yote. Akaifunika, akaifunga kwa kitambaa.

"Chukua yote. Sisi tutakula mukate. We utanichotea maji wiki nzima, na sufuria utaosha vizuri, si kama unavyoosha ya kwenu. Kuja, pita mlangoni."

Mlangoni. Mlango wetu na wa Mama Espoir yote inafungukia barabarani, na barabarani, chini ya kivuli cha kioski cha mitandao, walikuwa wamekaa Hugues na Valéry na wenzao, watu ambao jana nilikuwa nimewaeleza kwa urefu jinsi upishi ulivyo sayansi. Nikipita pale na sufuria ya jirani, ningehamia Rumonge nikamwuguze bibi maisha yangu yote.

"Nitapita juu," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Ya ukuta."

"Apana, Divin. Apana. Mi nakuambia pita mlangoni, kuomba chakula si kuiba."

Lakini nilikuwa nimeshapanda. Mpango ulikuwa mzuri: nikae juu ya ukuta, anipe sufuria, nishuke upande wetu. Sehemu ya kwanza ilifanikiwa. Nikakaa, mguu huku na mguu huku, akanipa sufuria, na hapo nikagundua kwamba mtu mwenye sufuria ya moto mikononi hana mikono ya kushukia. Nikaiweka kichwani. Ikatulia, lakini sasa shingo ndiyo haikuweza kugeuka. Mchirizi mmoja mwembamba wa mchuzi ukaanza kunishuka nyuma ya sikio. Nilipojaribu kusogeza mguu, suruali ikashikwa na waya, na nikasikia mlio mrefu wa kitambaa kuanzia mfukoni kwenda chini.

"Mama Espoir," nikanong'ona, "nisukume kidogo."

"Nikusukume uanguke na chakula ya mzazi? We kaa hapo." Akasimama kwenye ndoo, akashika sufuria kwa mikono miwili, nikaanguka peke yangu upande wetu kwenye kichanja cha vyombo, kisha akanishushia sufuria kwa kamba ya kuanikia nguo, polepole, kama anashusha mgonjwa.

Kazi yangu ya asubuhi nilimpelekea mbuzi wa uani. Alinusa, akarudi nyuma hatua tatu, akaniangalia kwa huzuni.

Saa nane kasoro dakika tano chakula kilikuwa mezani, ndani ya bakuli kubwa la mama, la maua. Mama Prudence aliingia na kikapu chake, bila haraka, akamsalimu baba kwa mikono miwili, akanisalimu mimi kwa mkono mmoja, akakaa. Orlane akatoka chumbani taratibu, mtoto kifuani. Nilimpakulia kidogo, kama mtu anayemrushia ndege punje.

Akala kijiko cha kwanza. Hata baba aliacha kukohoa. Akala cha pili. Kisha akavuta sahani karibu, akala kama mtu aliyetembea kutoka Gitega. Sahani ikaisha, nikamwongezea, na katikati ya ile ya pili akamweka mtoto kwenye titi bila kuacha kijiko, na mtoto akashika, akanyonya, na hakuachia. Tulisikia anavyomeza. Mama Prudence alishusha pumzi ambayo nadhani aliibeba tangu Gasenyi.

"Nani amepika?" akauliza.

Ningeweza kusema ukweli. Neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Mimi," nikasema.

"Wewe? Kijana?"

"Mama, haya mambo ni sayansi," nikasema, na ulimi ukashika njia bila mimi. Nikaeleza kuloweka. Nikaeleza joto. Nikasema watu wengi wanakosea kwa kutia chumvi mapema, maharage yanakasirika. Baba alinitazama kwa fahari niliyokuwa naisubiri kwa miaka ishirini na mbili.

"Ulianza saa ngapi, Divin?" Orlane akauliza, mdomo umejaa.

"Saa kumi na moja. Mzazi hapikiwi na mtu anayependa usingizi."

"Maskini. Na ndizi?"

"Mwisho. Ndizi ni mwisho kabisa."

"Na ule moshi mweusi?"

"Moshi? Ah, ule... mkaa ulikuwa na unyevu."

"Na suruali?"

Nikavuta shati chini. Mama Prudence akainama kidogo pembeni ya meza, akatazama, akarudi kukaa wima.

"Baba," Orlane akasema, "dirisha la chumba chenu, pale nilipolazwa, linaangalia wapi?"

"Linaangalia uani," akajibu baba, ambaye hakuwahi kumsaidia mtu kwa kunyamaza.

"Tangu saa tatu ninamtazama," Orlane akamwambia mama mkwe wake. "Nilikuwa nimejilalia, sitaki kitu, sitaki mtu. Naona huyu anapigana na ndizi. Naona anachoma ndala. Halafu naona amekaa juu ya ukuta wa Mama Espoir na sufuria kichwani, hawezi kwenda, hawezi kurudi, anaomba asukumwe." Mabega yake yakaanza kutikisika, mtoto akatikisika naye, bado ameshika titi. "Mama, nilicheka mpaka nyuzi za mshono zikauma. Nilipomaliza kucheka, nikasikia njaa."

Baba alikuwa anaangalia bakuli kama anajaribu kukumbuka alikuwa anajivunia nini.

Orlane akaninyooshea sahani, nyeupe, safi, kweli ameilamba.

"Imebaki? Kama imekwisha, rudi umwombe Mama Espoir. Na safari hii pita mlangoni, suruali imekubakia moja."