Kadi za Honorata

Kadi ya bluu ilikuwa inatembea. Taratibu, kwenye skrini kubwa ukutani, ikateleza kutoka safu ya "Bado" kwenda "Inafanywa", kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Ilikuwa na jina la Honorata. Na Honorata alikuwa Kighare, mlimani, akimuuguza mama yake, huko ambako mtandao huja na upepo na kuondoka nao.

"Jamani, mlimani wameweka mnara?" nikauliza, maana kunyamaza sikufundishwa.

Eliufoo, kiongozi wetu, aliondoa mkono kwenye kompyuta yake. "Mwanaasha, kunywa chai."

Hadi leo nikiona ukungu unashuka Upare na kukalia mapaa ya Same, naziona zile kadi. Ubao ule wa mtandaoni ulikuwa nyumba yetu. Kazi ya kila mtu ilikaa humo, programu tulizoandika, makosa niliyokamata, hata ugomvi wetu. Tulikuwa tunatengeneza mfumo wa kumjulisha mkulima kwa simu zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa la wazee wa milimani. Mimi nilikuwa mjaribu wa programu. Honorata ndiye aliyenitoa stendi nilikokuwa nauza laini za simu, akawaambia wenzake: "Huyu anajua watu wanapokosea, kwa sababu anawacheka kila siku."

Sasa yeye ndiye alikuwa anaondolewa. Justa, msimamizi wetu wa Dar es Salaam, alikuwa ametangaza kwamba kadi itakayolala hadi Ijumaa, mwenye jina lake atoke kwenye timu. Za Honorata zilikuwa zimelala zote.

"Kwetu mwenye mgonjwa halimi peke yake," Eliufoo alisema hatimaye. "Pembe inapigwa, watu wanatoka na majembe. Msaragambo."

"Na pembe iko wapi?"

"Si wewe hapo? Mdomo huo unasikika hadi kijiji cha Bendera."

Basi nikapiga. Kufikia adhuhuri chumba chetu, juu ya duka la vitambaa, kilikuwa kimejaa: Sadock aliyekuwa ameacha kazi kwa hasira, Agatha na mtoto mgongoni, na wengine waliofuata harufu ya pilau langu. Umbea ukapikwa pamoja na kazi. Upepo wa nyika ulipuliza pazia, likajaa na kulegea, likajaa na kulegea, na kadi zikawa zinavuka moja moja mpaka sikujua tena kama naota. Kila tulipotaka kuandika majina yetu, Eliufoo alitukataza. Jina likabaki la Honorata.

Ila ubao hausahau. Chini ya kila kadi, kwa herufi ndogo, huonyesha aliyeisogeza. Ijumaa uso wa Justa ukatokea skrini nzima.

"Eliufoo, hapa naona mikono ya watu wengine. Nibadilishe majina?"



"Dada Justa," Eliufoo akasema, "shamba huitwa kwa jina la mwenyewe. Haliitwi kwa majembe."

Justa alitazama pembeni, kama mtu aliyeitwa na mwingine chumbani kwake. Aliporudi, sauti ilikuwa imeshuka.

"Mama yake anaendeleaje?"

Majina hayakubadilishwa.

Honorata aliteremka wiki iliyofuata, nguo zake zikinuka moshi wa kuni. Mama alikuwa ameanza kutolewa nje kuota jua. Akasimama mbele ya ubao, akasoma na kusoma, midomo ikicheza. Kadi moja tu, ile ya bluu, ilikuwa haijakamilika: ujumbe wa kwanza kwa mkulima.

"Hii mbona mmeiacha?"

"Mstari wa mwisho ni wa mwenye shamba," Eliufoo akajibu.

Akaketi. Alifanya kazi bila kusema, nasi, watu wa kelele, tukamwachia ukimya wote. Jua lilipoegemea upande wa Umasaini, kadi ile ya bluu ikavuka, na ujumbe ukaondoka kwenda mlimani.

Tukasubiri. Huko juu, nadhani, upepo uligeuka, kwa sababu simu ya Honorata ikalia. Akaifungulia sauti tusikie wote.

"Mwanangu," mama yake alisema, polepole, kama anayeamka, "kuna mtu ameniandikia kwamba kesho maji ni yangu. Ni nani huyo anayenijua kwa jina?"