Kishikio cha Mama Mkwe

Baiskeli ya Wakoli ilikuwa maunteni baiki ya kwanza katika steji ya boda boda ya Kondele. Aliinunua kwa mtawa wa kizungu aliyekuwa akirudi kwao, na kwa gia zake alipanda kilima cha Kiboswa ameketi, huku wenzake wakizisukuma zao. Walimwita Mzungu. Naye alijifanya kukasirika.

Shida ilikuwa mama mkwe wake, Nakhungu, aliyeishi juu huko Kiboswa. Mguu wake ulikuwa na kidonda na haukukunjika, hivyo matatu haikumfaa, na kidonda kilihitaji kuoshwa hospitalini mjini. Abiria wengine walikalia keria fupi, kile kikalio cha chuma juu ya gurudumu la nyuma, wakamshika Wakoli kiuno. Nakhungu hangeweza. Kwao mkwe hamgusi mkwe.

"Uza hii," fundi Zadock alimwambia. "Nunua Blakmamba, ile baiskeli nzito ya chuma. Keria yake ndefu, hata mama wakwe wawili wataenea na hamtagusana."

"Blakmamba ni ya kubebea mihogo."

"Na hii ni ya kubebea mzungu mmoja na chupa yake ya maji. Ona bomba la fremu lilivyo jembamba. Nikichomea keria ndefu na kishikio hapa, moto utalila."

"Wewe chomea, Zadock. Mimi nitaliombea."

Zadock akavaa miwani yake myeusi ya kuchomea.

Jioni ile Wakoli alimwonyesha mkewe Nasambu kazi ilivyopakwa rangi ikapendeza.

"Nimemwachia Mungu," alisema.

"Ulimuuliza, au ulimwarifu?"

Wakoli akacheka. Alicheka peke yake.

Siku ya hospitali, Nakhungu alikaa upande, mguu mbovu ameunyoosha, mikono yote miwili kwenye kishikio nyuma ya kiti. Wakaanza kuteremka. Kwenye shimo la kwanza chuma kililia. Kwenye la pili kikalia tena, kwa sauti nyembamba, kama panya aliyekanyagwa.

"Baba," Nakhungu alimwita kwa heshima ya wakwe, "hiki chuma kinacheza."

"Ni kipya, Mama. Bado kinazoea."

Angeweza kushuka na kuisukuma. Lakini kule chini ziwa lilikuwa limeshaonekana, na mbele ya ziwa hilo, mtaa wa Kondele, na wenzake wakiwa stejini. Nani amewahi kumwona Mzungu akisukuma baiskeli ya gia kwenye mteremko? Bwana, ishike mpaka Kondele tu, akaomba.

Kilio cha chuma kikakoma ghafla. Akabana breki.

Bomba lilikatika chini ya kiti. Akahisi keria ikimwacha. Akahisi pia mkono ukija karibu na shati lake, ukakaribia kabisa, kisha ukajirudisha. Halafu uzito wote nyuma yake ukatoweka.

Alipoinuka, Nakhungu alikuwa amelala kando ya lami, kishikio bado mkononi. Damu ilikuwa ikitoka sikioni.

"Mama."

"Usiniguse," alisema taratibu. "Ita mwanamke."

Wakoli alitazama juu ya barabara, akatazama chini. Mahindi yalisimama kimya pande zote mbili. Aliita, hakuna aliyeitika. Akapiga magoti, akaomba mwanamke yeyote apite, na alipofumbua macho mdomo wa mama mkwe ulikuwa ukienda bila sauti.

Akatia mikono chini ya mabega yake, akamwinua.