Simba Juu ya Kabati

Kazini walimwita Chujio, na si kwa sababu alikuwa fundi kwenye mitambo ya kusafisha maji. Walimwita hivyo kwa kuwa chochote ulichomwambia kilipita kichwani mwake kikaenda zake, yakabaki makapi. Angeweza kukusimulia shati alilovaa meneja siku ya mkutano. Alichosema meneja, hiyo ilikuwa shughuli nyingine.

Basi mtu huyu ndiye aliyeutamani ukuu wa zamu. Na pale kwao, ukuu wa zamu huupati kwa kujua kazi. Unasimama mbele ya jopo, mikono nyuma, unatiririsha kanuni za usalama bila karatasi, huku wakubwa wakikufuatilia kwa vidole kwenye vitabu vyao, maana hakuna hata mmoja wao anayezikumbuka. Chujio alishajaribu mara moja. Alifika kifungu cha pili, akaomba maji ya kunywa, na mtihani ukaishia kwenye glasi. Safari hii alijiapiza kwamba akikosa, basi tena, atastaafu akizungusha koki.

Akaenda semina. Mwalimu alijiita Bingwa wa Kumbukumbu, na alikuwa na sauti ya mtu anayeuza dawa ya meno.

"Nyumba yako ndiyo kitabu chako!" alisema. "Kila kifungu kigeuze picha, kila picha iweke mahali pake nyumbani. Halafu unapita chumba hadi chumba, unaziokota. Na picha iwe ya ajabu, iwe ya aibu. Akili haisahau aibu!"

Semina ilipokwisha, Bingwa alirudi kuchukua miwani aliyoisahau, kisha akarudi tena kuchukua mkoba. Chujio hakuliona hilo, imani ilikwisha kumwingia.

Jumapili nzima alizunguka nyumbani akipanga. Mlangoni aliweka mbuzi aliyevaa barakoa: usiingie chumba cha klorini kabla hujavaa barakoa. Kwenye kochi akalaza pampu inayokoroma: mtambo uliozimwa usiguswe mpaka upoe. Na juu ya friji, Mungu amsamehe, akampandisha mama mkwe wake, kufuli mdomoni: anayetengeneza mtambo afunge swichi kwa kufuli, ufunguo akae nao mwenyewe. Mkwe ambaye akimwamkia huinamisha macho! Lakini si mwalimu alisema aibu? Na kweli, kifungu kile kiliganda kichwani kama ukoko wa sufuria.

Chumba kidogo cha nyuma kilikuwa na kabati la nguo kuukuu. Juu yake alimlaza simba aliyefungwa bendeji kichwa kizima. Huyo alikuwa kifungu cha majeruhi.

Tatizo la nyumba ya namna hii ni kwamba watu wanaishi ndani yake. Siku mke wake aliposogeza meza ya televisheni, vifungu viwili vilipotea mpaka meza iliporudi. Chujio akapiga marufuku. Kiti kisisogezwe, zulia lisikunjwe, hata pazia lililochanika libaki na mchaniko wake, kwani hapo ndipo lilipochungulia bomba la dharura. Mke akacheka, akasema mwanamume akikaribia uzee ana mambo, akaacha.

Ndipo mama mkwe akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Mwanawe wa kiume, kapera na dereva wa lori, alikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Kwa hiyo mama mkwe alipotoka hospitali iliamuliwa aje kwa binti yake.

"Tunatoa lile kabati, tunaweka kitanda," mke alisema. "Chumba chenyewe hakitoshi vyote."

"Kabati halitoki."

"Kwani lina nini? Nguo za ujana wako, hata mkono hauingii!"

"Lina simba."

Mke alimtazama. "Simba gani, mume wangu?"

Akamweleza. Hapo ndipo alipojipalia makaa, maana katika kueleza alifika kwenye friji.

"Umempandisha mama yangu wapi?"

"Kwa heshima, lakini."

"Na kufuli mdomoni, hiyo nayo heshima?"

"Mtihani ukipita tu namteremsha. Mke wangu, nivumilie. Cheo hiki ni chetu sote."

Mama mkwe akalazwa kwenye godoro, chini, koridoni. Kila alipotaka kwenda msalani, binti yake alimwinua kutoka sakafuni, naye alibana meno asilie. Chujio aliona, na roho ilimuuma kwelikweli. Akajifariji kwamba ni siku chache. Asubuhi aliiruka miguu ya bibi huyo taratibu, macho darini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Simba hajambo?"

Siku ya mtihani alisimama mbele ya jopo, akafumba macho, akaingia nyumbani kwake. Loo! Mbuzi yupo, pampu inakoroma, pazia limechanika palepale. Vifungu vilimtoka kama maji ya bomba jipya, na vidole vya wakubwa vikawa vinakimbilia kurasa. Kisha akakata kona kuelekea chumba cha nyuma, na koridoni akamkuta mama mkwe kwenye godoro. Hapo hakumweka yeye. Akairuka miguu yake, kama kawaida, akamfikia simba.

"Aliyeumia," akaanza, "asilazwe sakafuni wala njiani. Apewe kitanda kwanza, na chochote kinachozuia kiondolewe, hata kiwe na thamani gani..."

Akafumbua macho.

"Hebu rudia hapo," alisema mwenyekiti, kidole kitabuni. "Nilikuwa nafungua ukurasa."

Akarudia, neno kwa neno, jasho likimtiririka mgongoni. Jopo zima likapiga makofi.

"Huyu kanuni zimemkaa moyoni," mwenyekiti aliwaambia wenzake. "Mpeni zamu leo hii."

Chujio alikimbia nyumbani na tai yake shingoni. Koridoni hapakuwa na godoro wala mtu. Meza, kiti na pazia vilikuwa vilevile. Mke hakusogeza hata kijiko. Akaingia chumba cha nyuma, akalikumbatia kabati, akalivuta peke yake mpaka nje, likikwaruza sakafu na kumchuna vidole. Akaingiza kitanda, akakitandika shuka mpya. Kisha akapiga simu.

"Nimetoa kabati," alisema akihema. "Kitanda tayari. Mrudishe Mama, nakuomba."

"Umefaulu?" mke aliuliza.

"Nimefaulu. Nimepewa cheo."

"Hongera. Sisi tuko kwa kaka. Amempa Mama kitanda chake, yeye analala chini, na hajawahi kusoma kanuni hata moja. Kwenye hicho kitanda ulichotandika, kilaze cheo chako."