Maji Nyuma ya Kitanda cha Edna

Neno lenyewe lilikuwa fupi, na Genoveva alilipata akiwa amekaa chini, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Rosemary, anasukwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kumi, mwaka 2007, kwenye fleti ya Rosemary pale Hyattsville, jimboni Maryland.

"Shoga, hivi lile trela lenu mlilikagua kabla ya kununua?" Rosemary aliuliza.

"Tukague nini? Lina magurudumu, lina mlango, lina jiko."

"Mimi sisemi kitu. Nimesikia tu kazini. Wanasema kile kimbunga cha kusini, matrela yaliyozama kwenye mafuriko hayakutupwa. Yalioshwa, yakapakwa rangi, yakaletwa huku kuuziwa wageni kama sisi. Na jina la Kamande lilitajwa."

"Nani alilitaja?"

"Inamisha kichwa. Mama mmoja Mkongo wa pale bohari. Naye aliambiwa."

Genoveva aliinamisha kichwa, lakini neno lilikuwa limeshaingia, na kutoka halikutoka.

Trela hilo ndilo lilikuwa nyumba yao tangu kodi ya Hyattsville ilipowashinda. Lilikuwa la aina ile ndefu ambayo shingo yake inapanda na kukaa ndani ya bodi ya pikapu wakati wa kuvutwa. Ndani ya shingo hiyo, ukipanda ngazi tatu, ndiko kulikuwa na chumba cha kulala chenye dari ya kuinamia. Lilisimama kwenye kambi ya matrela upande wa Maryland, karibu na barabara kuu inayozunguka jiji, limeunganishwa na umeme na mpira wa maji. Mumewe Sebastian, aliyekuwa akiegesha magari ya wageni kwenye hoteli moja huko Alexandria, mji wa jirani, alilala na Genoveva kwenye kochi la kukunjua. Chumba cha juu walimpa Edna, binti yao wa miaka minane, kwa sababu Edna alikuwa na pumu na walitaka alale penye joto. Joto hupanda juu. Hilo Genoveva alilijua.

Aliyewauzia alikuwa Kamande, Mkenya fundi wa matrela anayekaa Lanham. Aliishi humo mwenyewe miaka miwili na mkewe Waringa kabla ya kupata nyumba. Katika mapatano yao aliahidi kwamba kila kabla ya baridi atapanda juu bure kuziba mishono ya paa.

Basi jioni ile Genoveva alirudi na nywele mpya, akaanza kunusa. Alinusa kabati, akanusa chini ya sinki. Akapanda kwa Edna, akavuta godoro, na kwenye pembe ya ukuta nyuma ya kitanda akakuta madoa meusi matatu, madogo kama mbegu za papai. Aliyagusa. Ukuta ulikuwa na majimaji.

"Baba Edna, njoo uone mafuriko yako," akaita.

Sebastian alikuja, akatazama, akafuta kwa kitambaa. "Ukungu huu. Hata Hyattsville bafuni ulikuwepo."

"Wa Hyattsville ulikuwa bafuni. Huu uko kitandani kwa mtoto."

Wiki iliyofuata Kamande alikuja na ngazi yake kama alivyoahidi. Genoveva alisimama chini muda wote, mikono kiunoni, akihesabu kila mshono anaougusa. Kamande aliposhuka alijifuta gundi mikononi, akamwambia, "Mama Edna, paa iko poa kabisa. Kitu moja tu. Zile tundu mbili za hewa hapo juu, usiwahi zifunga. Hata baridi ikuwe kali aje, acha ziwe wazi kidogo. Nyumba lazima ipumue."

"Kwa nini ipumue?"

"Si watu wako ndani?"

Alipoondoka Genoveva alimgeukia mumewe. "Umesikia? Anataka tuache wazi ili harufu ya tope iwe inatoka kidogo kidogo, tusiigundue. Mtu mwaminifu anakwambia funga, mtoto asipigwe na baridi."

"Mama Edna, mtu amekuja na ngazi yake, na gundi yake, hajadai hata soda."

"Ndiyo hapo. Nani siku hizi anafanya kazi bila kudai soda?"

Mwezi wa kumi na moja baridi ilishuka. Genoveva alichukua mto wa zamani, akausokomeza kwenye tundu la hewa la chumbani kwa Edna, akaufunika na khanga na kuikaza na pini. Tundu la jikoni akaliziba na koti. Kisha, kwa kuwa alikuwa na hakika maji yanatoka juu, alimsumbua Sebastian hadi akanunua turubai la buluu wakalifunga paa zima kwa kamba. Kambi nzima ikawa inawatazama. Trela likawa na joto zuri, joto la kuvaa kanzu nyepesi, na Genoveva akaona amewashinda wote.

Lakini madoa yaliongezeka. Mbegu za papai zikawa sarafu, sarafu zikaungana. Asubuhi madirisha yalitoa jasho hadi likatiririka kwenye zulia. Naye Edna akaanza kukohoa, kikohozi kile kikavu kinachoishia na mluzi kifuani.

Kwa kikohozi Genoveva hakuwa mgeni. Marehemu mama yake huko Musoma aliwafukiza watoto wote tisa, na wote walipona. Akatafuta majani ya mikaratusi, akapata ya kukaushwa kwenye duka la Wahindi. Kila jioni akitoka kupakia masanduku bohari, alichemsha sufuria kubwa, akaipandisha zile ngazi tatu, akamketisha Edna mbele yake na kumfunika blanketi. Mvuke ulipojaa chumba alifurahi kwa kuwa hakukuwa na tundu la kuupoteza.

"Mama, siwezi kupumua humu," Edna alisema kwa Kiingereza chake.

"Utapumua baadaye. Vuta."

Chini, kwenye gesi, makande yaliendelea kutokota saa tatu nzima. Sare za Sebastian zilining'inia kwenye kamba kutoka mlangoni hadi kabatini, maana mashine za kufulia za kambi zilikula sarafu na za kukaushia zilikula mara mbili.

Mwezi wa kumi na mbili Kamande alipita tena. Aliona turubai tangu getini.

"Nani amevalisha hii kitu koti ya mvua?" alicheka. "Wacha nipande nione."

"Hupandi," Genoveva alimjibu kutoka mlangoni, hakumfungulia zaidi ya upana wa kiganja. "Ulichoficha huko juu ulishakificha. Inatosha."

Kamande aliacha kucheka. "Nimeficha nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui, mama. Lakini sawa." Akabeba ngazi yake.

Kama angeishia hapo, ingekuwa jambo la mlangoni. Lakini Jumapili ile kulikuwa na ubatizo wa mapacha, sherehe ikafanyika ukumbini Lanham, Watanzania kwa Wakenya. Genoveva alikaa meza moja na Leonard, dereva teksi kutoka Alexandria, ambaye alikuwa akieleza kwa furaha kwamba amepatana na Kamande kununua trela jingine.

"Muulize kwanza alilitoa kisima gani," Genoveva alisema, na alilisema kwa sauti ya kufika meza ya pili.

"Kisima?"

"Letu lilizama kwenye mafuriko. Kuta zinalia maji. Mwanangu hapumui. Yeye ameshika hela, amekaa pale anakula pilau."

Watu wakageuka. Kamande aliweka kijiko chini. Waringa, mkewe, alimtazama Genoveva moja kwa moja mpaka Genoveva ndiye aliyeangalia pembeni. Kufika Jumatano Leonard alikuwa amevunja mapatano, na wengine wawili waliotaka kutengenezewa matrela yao walitafuta fundi mwingine.

Wiki ya pili ya Januari Edna alibanwa. Ilikuwa mchana wa Jumamosi. Dawa yake ya kuvuta aliivuta mara nne, haikufungua kitu, midomo ikawa rangi ya majivu. Sebastian aliendesha hadi hospitali bila kufunga mlango wa trela. Walimweka kwenye mashine, akakaa huko siku mbili. Daktari mwanamke, mpole, aliuliza wanaishi wapi, kuna ukungu, kuna mtu anavuta sigara. Genoveva akamweleza habari ya kuta. Daktari akasema mtoto asirudi humo mpaka pawe pakavu, kwa kuwa mbano mwingine kama ule unaweza kuwa wa mwisho.

Edna akapelekwa kwenye kochi la Rosemary. Baada ya siku sita alikuwa anarukaruka, na hakuna aliyemfukiza hata mara moja.

"Si unaona," Genoveva alimwambia mumewe. "Ni lile trela. Kamande alichukue na aturudishie chetu, au nakwenda mahakamani."

Aliyekuja hakuwa Kamande. Alikuja Waringa, peke yake, na koti zito na mfuko wa duka.

"Mume wangu hajui niko hapa," alisema. "Sikuja kwa ubaya. Nilisikia mtoto alilazwa. Niliishi kwa hii nyumba miaka miwili, Mama Edna. Hizo pazia nilishona mimi. Unaweza niruhusu niingie?"

Genoveva alisita, kisha akampisha. Waringa hakuvua koti. Kutoka mfukoni alitoa vipande viwili vya nailoni na utepe wa gundi.

"Hii tunabandika kwa ukuta, pande zote nne, hewa isiingie. Kama maji inatoka ndani ya ukuta, kesho utaikuta nyuma ya nailoni. Kama ni yenu, utaikuta mbele, upande wa chumba."

"Yetu vipi? Sisi ndio mvua?"

"Ya sufuria. Ya nguo. Ya pumzi. Wewe chagua mahali, nisikuambie."

Genoveva alichagua pabaya kuliko pote, nyuma ya kitanda cha Edna, na kipande cha pili akakibandika mwenyewe jikoni. Halafu alitafuta kalamu, akaandika jina lake nusu juu ya gundi na nusu juu ya ukuta, pande zote, mtu asije akabandua na kubandika upya. Waringa alimwangalia akiandika.

"Andika na tarehe," alisema.

Waringa alipokuwa anashuka zile ngazi tatu, macho yake yalianguka kwenye rafu kando ya kitanda. Palikuwa na alama ya duara, kubwa, mbao imevimba na kupauka.

"Hapa ulikuwa unaweka nini?"

Genoveva aliifunika ile alama kwa kitambaa. Waringa akaendelea kushuka.

Siku hiyo Genoveva alipika kama kawaida, akaanika kama kawaida, na jioni akapandisha sufuria ya maji ya moto juu kama kawaida, ingawa hapakuwa na mtoto wa kufukizwa. Alitaka kusiwe na kisingizio.

Asubuhi upande wa mbele wa nailoni ulikuwa na matone mazito, yanateleza. Akabandua. Nyuma palikuwa pakavu. Cha jikoni vilevile.

Hata hapo hakukubali. Alichukua kisu cha kukatia makaratasi, akakata ukuta pale pale penye weusi, mraba wa kiganja, akauchomoa. Alitarajia tope. Alitarajia mstari wa maji, nyasi, harufu ya mto. Ndani kulikuwa na sufi ya njano ya kuzuia baridi, kavu, safi kama iliyotoka dukani, na nyuma yake bati linalong'aa. Aliingiza mkono wote hadi kwenye kiwiko, akapapasa. Vumbi.

Alikaa juu ya kitanda cha Edna akiwa na kile kipande cha ukuta mapajani. Kilikuwa cheusi upande mmoja tu, upande wa chumba, upande uliokuwa ukiangaliana na sufuria. Alihesabu jioni alizompandishia mtoto mvuke. Alipofika arobaini aliacha kuhesabu.

Sebastian aliporudi alikuta mto na koti vimetolewa kwenye matundu, turubai liko chini, mlango na madirisha wazi, na mkewe anasugua ukuta kwa siki huku anatetemeka kwa baridi. Alivaa glavu.

Ilichukua wiki mbili na mashine ya kukausha hewa ya kuazima kambini. Edna alirudi mwanzoni mwa Februari, akalala, wakamsikiliza. Mluzi haukuwepo.

Jumapili iliyofuata Genoveva alikwenda Lanham. Baada ya misa, watu wakiwa kwenye chai, alisimama mbele ya meza ya Kamande, Leonard akiwepo, Rosemary akiwepo, akasema: "Trela halikuzama. Nimekata ukuta kwa mkono wangu, ndani ni pakavu. Maji yalikuwa yangu. Nilimsingizia huyu baba mbele yenu, na mbele yenu nasema nilikosa."

Kamande alikoroga chai yake. "Nimeskia," alisema. Mishono ya paa sasa Sebastian anaziba mwenyewe, kila mwaka, kwa ngazi aliyoinunua.

Waringa ndiye aliyemsogezea kiti.

Leonard hatimaye alinunua lile trela la Kamande alilokuwa amelikataa, na mkewe Anna akampigia simu Genoveva kuuliza maisha ya humo yakoje. Genoveva hakutaka kueleza kwa simu. Aliandika kwenye karatasi ya daftari, akampa mkononi, na tangu hapo kila familia inayohamia kambini amewapa hiyo hiyo:

Usizibe tundu la hewa la juu, hata theluji ikianguka. Acha upenyo wa vidole viwili.

Usichemshe maharage au makande saa nyingi bila kufungua dirisha na kuwasha feni.

Usianike nguo ndani.

Usisukume kitanda au kabati hadi ukutani. Acha nafasi ya mkono kupita, na kila wiki upapase huko nyuma.

Usifunike trela na turubai ukiwa unaishi ndani.

Usiache kukagua mishono ya paa kabla ya baridi. Panda mwenyewe.

Usipake rangi juu ya ukungu.

Usitaje jina la mtu kwa habari ya kuambiwa. Kata ukuta kwanza.

Usimfukize mtoto wa pumu. Akikwambia hapumui, usimwambie vuta.