Shamba la Chumba Namba Tisa

Jumatatu asubuhi Dkt. Ndimyake alifungua ofisi yake, chumba namba tisa, chuoni Sumbawanga, akaning'iniza koti la mvua nyuma ya mlango, akakuta tuta la kwanza kati ya meza na kabati la vitabu. Lilikuwa la mviringo, intumba kama Wafipa wanavyoliita: nyasi mbichi zilizorundikwa na kufunikwa udongo ili zioze. Sakafu ya saruji haikuwa na ufa. Alilizunguka, akaketi, akaendelea kusahihisha tasnifu ya mwanafunzi kuhusu utalii endelevu.

Kufikia Ijumaa matuta yalikuwa yamejaa chumba, na maharage yameota juu yake. Mfagizi aliuliza kama afagie au amwagilie. Mkuu wa idara, Profesa Cornelius, alichungulia akaamua vikao vihamie maktaba.

Wiki iliyofuata akaja Bi. Adela, mjane wa kijiji cha ukingoni mwa bonde la Rukwa, na jembe lake begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sogeza miguu, nipalilie."

Ndimyake akasogeza miguu. Shamba hilo la Adela alilijua. Ndiye aliyeandika mpango wa utalii wa Ufipa, na kambi ya watalii aliichora juu ya shamba hilo, penye mandhari ya bonde. Katika picha ya setilaiti shamba la Adela lilikuwa limepumzishwa, limeota nyasi, kama Wafipa wanavyoliacha kabla ya kuzifukia nyasi hizo. Ndimyake alikulia Rungwe, kwenye migomba isiyojua likizo, akaandika: ardhi isiyotumika. Andiko likasifiwa, likanukuliwa hadi ng'ambo, na mwekezaji akazungusha uzio.

Ndimyake aliona aibu. Akaandika sahihisho la ukurasa mmoja, akampa Cornelius.

"Ni kweli kabisa," Profesa alisema, akiruka tuta. "Lakini jina lako liko kwenye kamati ya kupandisha vyeo, na andiko lenyewe ndilo hili. Ukilikosoa leo, wakupandishe kwa lipi? Panda kwanza, utasahihisha baadaye."

Ndimyake akangoja. Maharage yakakomaa, Adela akavuna, akamwachia bakuli juu ya meza. Yalikuwa matamu, na utamu huo ulimuuma kuliko matusi. Mvua zilipoanza zilinyesha hata mle ndani; alifungua mwavuli, akaendelea kuandika. Adela akayatawanya matuta, akasia ulezi.

"Mama, ule uzio bado upo?"

"Upo, baba. Wameuwekea na taa."

Kabla ya Krismasi akawa Profesa Mshiriki. Walimpa ofisi ya ghorofani yenye madirisha mawili, pamoja na uongozi wa awamu ya pili ya mpango uleule. Mwekezaji alikuwa ameshaalikwa uzinduzini, kwa hiyo sahihisho halikuwa na mahali pa kuingia. Akalitia kwenye droo.

Aliposukuma mlango mpya, ulezi ulikuwa umemtangulia. Adela alikuwa akipima kwa hatua, ukuta hadi ukuta.

"Hongera sana," alisema. "Hapa kuna mwanga. Ila bado ni robo tu ya shamba langu."

Ndimyake akaning'iniza koti lake. "Nikiwa profesa kamili, mama, watanipa chumba kikubwa zaidi."

"Basi kazana, mwanangu," Adela akasema, akainama kung'oa magugu.