Maiti Aliyepewa Maneno

Miaka ile kule Manchester, televisheni ilikuwa na mchezo wa mauaji kila Jumatano: kisa kipya, watu wapya, maiti mpya. Ila maiti huyo kila mara alikuwa mimi, Wilf Ogden. Nililala kifudifudi kwenye mazulia ya matajiri wa kila aina, na bila kujisifu, hakuna aliyelala vizuri kunishinda.

Mama Hesketh, mama wa mke wangu Edna, hakuvutiwa. Alimwambia binti yake kwamba mwanamume anayelipwa kwa kujilaza si mume, ni godoro. Kwa hiyo nilipopewa maneno ya kusema, baada ya kuhangaika shule ya usiku kujifunza matamshi, Edna aliujaza mtaa mzima sebuleni kunitazama, na mama yake akawekwa mbele kabisa.

Katika mchezo huo nilikuwa mtumishi wa nyumba. Bibi anamtilia mumewe Kanali sumu kwenye chai, Kanali anakufa, na mwishoni mimi nasema: "Ni bibi. Nilimwona kwa macho yangu." Basi. Lakini maneno hayo ndiyo yalikuwa mchezo wenyewe.

Hatukurekodi siku zile; mchezo ulirushwa moja kwa moja. Ukikosea, Uingereza nzima inakuona unakosea.

Bibi akatia sumu, kamera ikaionyesha vizuri. Nikaleta sinia. Kanali, mwigizaji aliyelelewa kwa adabu, akachukua kikombe cha karibu na kumpa mke wake kwanza, kama alivyofanya maisha yake yote. Kikombe chenyewe kilikuwa cha sumu. Yeye akanywa kile kingine, akalamba midomo.

Bibi alikitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Ogden," alisema kwa upole wa kutisha, akiniita kwa jina langu halisi, "unaonekana umechoka. Kunywa wewe."

Bibi gani wa Kiingereza humpa mtumishi chai yake? Nyuma ya kamera, msimamizi alikuwa akipitisha kidole shingoni kwa nguvu, huku akinielekeza mimi. Mchezo ulitaka maiti. Nikayaaga maneno yangu, nikanywa, nikafa. Nilikufa vizuri sana, nikaangusha na kiti.

Wakaendelea kwa kubahatisha. Kanali, ambaye alipaswa kuwa marehemu, alizungukazunguka akisifu hali ya hewa. Muda ukawa unayoyoma, na hakuna aliyebaki wa kumtaja muuaji. Mwishowe akapiga magoti kando yangu, jasho likimtiririka, akajifanya anasikiliza moyo wangu.

"Wilf, ndugu yangu," alininong'oneza, "fufuka, nakuomba."

Nikafumbua jicho moja. Nikainua kidole. Kwa matamshi yote ya shule ya usiku nikasema, "Ni bibi. Nilimwona kwa macho yangu." Kisha nikafa tena, na safari hii nililala chali, ili sura yangu ionekane.

Nilipofika nyumbani mtaa mzima ulikuwa bado umejaa sebuleni, watu wakifuta machozi ya kicheko.

"Karibu, marehemu," alisema Mama Hesketh. "Hata kufa huwezi kukamilisha?" Akachukua birika la chai. "Lakini umetamka vizuri. Kila neno nimelisikia."

Hakuwahi kunisifu kabla ya hapo. Kisha akamimina chai kwa mkono wake mwenyewe na kunisogezea kikombe cha kwanza.

Nilikitazama kikombe. Nikamtazama yeye.

"Tangulia wewe, mama," nikamwambia.